Mtoto anaota meno, au anaumwa? Mwongozo kamili kwa wazazi wa Uganda

Jioni moja ya msimu wa mvua, mama anayeuza nyanya katika soko la Mpondwe alibisha hodi kwangu, mtoto mgongoni. Mimi ni VHT, mhudumu wa afya wa kijiji, hapa Bwera, wilaya ya Kasese, na mwenye mgonjwa hangoji asubuhi. "Dada, mtoto anaota meno," aliniambia. "Nitafutie kitu cha kumtuliza, kesho niwahi soko." Mtoto alikuwa na miezi 7. Nilimfunua ufizi wa chini, na kweli, meno mawili yalikuwa yamechungulia, meupe kama punje za mchele. Kisha nikamgusa shingoni. Alikuwa wa moto. Nikamtoboa kidole, nikaweka tone la damu kwenye kipimo, na baada ya dakika 15 mistari ilikuwa miwili. Malaria.

Kwa siku tatu kila mtu pale nyumbani alikuwa amemwambia ni meno tu. Hawakumdanganya, meno yalikuwepo. Lakini malaria nayo ilikuwepo, na meno yaliificha. Ndiyo maana naanza na jambo ambalo naomba kila mzazi alishike kabla ya mengine yote: jino linalotoka halileti homa kali, halileti kuhara, halileti kutapika wala degedege. Linauma, linavunja usingizi, linajaza kidevu mate. Ukiona zaidi ya hapo, kuna jambo jingine mwilini mwa mtoto.

Hatua ya 1: Hesabu miezi

Watoto wengi huota jino la kwanza karibu na miezi 6. Wapo wanaoanza na miezi 4, na wapo wanaofikisha mwaka mzima wakicheka kwa fizi tupu, na wote ni wazima. Kwa kawaida hutangulia meno mawili ya mbele ya chini, kati ya miezi 6 na 10. Yanafuata mawili ya mbele ya juu, miezi 8 hadi 12, halafu ya pembeni yake. Magego ya kwanza huja kati ya miezi 13 na 19. Hayo ni mapana, na huwaumiza watoto wengi kuliko meno ya mbele. Chonge huja baadaye, miezi 16 hadi 23. Likumbuke hili la chonge, tutalihitaji. Magego ya pili humalizia, na kufikia miaka 3 mtoto ana meno 20.

Aliyezaliwa kabla ya wakati humhesabii kutoka siku aliyozaliwa bali siku aliyotarajiwa kuzaliwa. Akifikisha miezi 18 bila jino hata moja, mpeleke kwa daktari wa meno. Na mtoto akizaliwa na jino, jambo ambalo hutokea mara chache, si mkosi wala uchawi. Mwonyeshe mhudumu wa afya alitazame tu, kwa sababu likiwa linacheza sana linaweza kung'oka na kumpalia.

Mama wengi huniletea mtoto wa miezi 3 anayetiririkwa na mate, wakiamini jino liko njiani. Mara nyingi siyo. Umri huo tezi za mate zinachangamka na mtoto bado hajui kumeza mate yote. Jino linaweza kuwa mbali miezi mitatu mizima.

Sasa, kwa nini meno na maradhi hufuatana hivi hata watu wakaamini kimoja ni mzazi wa kingine? Tazama yanayotokea karibu na miezi 6. Kinga aliyopewa na mama tumboni imepungua. Uji umeanza, na kikombe, na kijiko, na maji. Mtoto anaketi, anatambaa, anaokota kila kitu sakafuni na kukipeleka kinywani, hasa kwa kuwa ufizi unawasha. Vijidudu vya kuhara vinaingia kwa mlango huo. Katika wilaya zenye malaria nyingi, tangu Aprili 2025 chanjo ya malaria hutolewa kwa miezi 6, 7, 8 na 18, na ya surua kwa miezi 9, na chanjo huweza kupandisha joto kidogo kwa siku chache. Meno yanapita katikati ya msongamano huo wote, na kwa kuwa ndiyo yanayoonekana kwa macho, ndiyo yanayolaumiwa.

Hatua ya 2: Tazama ndani ya kinywa

Nawa mikono kwa sabuni, na kucha ziwe fupi. Ketini wawili mkitazamana, magoti yagusane, karibu na mlango au dirisha. Mlazeni mtoto juu ya mapaja yenu, kichwa kwako, miguu kwa mwenzako naye amshike mikono. Kama uko peke yako, mlaze mapajani kichwa kikiwa upande wa tumbo lako. Pitisha kidole polepole juu ya ufizi, chini kisha juu.

Jino linalokaribia utalisikia kabla ya kuliona: ukingo mgumu chini ya ngozi laini. Ufizi mahali hapo huvimba kidogo na kuwa mwekundu, na jino likifika juu kabisa hugeuka mweupe. Wakati mwingine hutokea uvimbe mdogo wa rangi ya bluu, kama malengelenge. Hayo ni majimaji au damu kidogo juu ya jino. Hupasuka yenyewe jino likitoka, na haifai kuyatoboa.

Mtoto mchanga wa wiki chache anaweza kuwa na vidoadoa vyeupe vigumu kwenye fizi au kaakaa. Si meno, si funza, na huisha vyenyewe baada ya wiki chache.

Ukiona utando mweupe kama maziwa yaliyoganda kwenye ulimi na mashavu ya ndani, nao hautoki ukifuta kwa kitambaa, huo ni ukungu wa kinywa na una dawa yake kituoni. Ukiona vidonda vidogo vingi, fizi zinatoa damu, mtoto ana homa na hataki kabisa kunyonya, hayo ni maambukizi. Nimeona mtoto akikaa wiki nzima na vidonda vya namna hiyo, akisubiriwa "amalize meno".

Hatua ya 3: Pima joto kabla ya kusema neno

Mkono wa mama ni mwanzo mzuri, lakini kipimajoto hakibishani. Cha dijitali hupatikana maduka ya dawa, na naomba kila nyumba yenye mtoto iwe nacho, au majirani watatu wachangie kimoja. Kiweke katikati ya kwapa, bana mkono hadi kilie.

Kikisoma chini ya 37.5, na mtoto anatafuna kila kitu, anatoa mate, shavu moja limekuwa jekundu, analia usiku lakini mchana anacheza na kunyonya, basi ni meno. Usumbufu huo huja siku nne hivi kabla jino halijachomoza na huisha siku tatu hivi baadaye. Haudumu mwezi.

Kikisoma 37.5 au zaidi, hapa kwetu hatukisii. Mtoto apimwe malaria ndani ya saa 24, kwa VHT wa kijiji chako au kituo cha afya cha serikali. Vituo vya serikali viliondolewa malipo tangu 2001, kwa hiyo fedha isikuzuie mlangoni. Aliye chini ya miezi 2 akipata homa yoyote, usije kwangu hata. Nenda moja kwa moja kituoni au hospitali, usiku huohuo.

Kuhara ni choo cha maji mara tatu au zaidi kwa siku. Choo laini cha mtoto anyonyaye ni kawaida yake. Akihara, mpe ORS, ile chumvi ya pakiti ya kurudisha maji mwilini, na zinki, usingoje jino litoke. Soma pakiti ya ORS uone inachanganywa na maji kiasi gani, maana zipo za lita moja na za nusu lita. Maji yawe yaliyochemshwa na kupoa. Baada ya kila choo mpe kidogokidogo kwa kikombe na kijiko, mililita 50 hadi 100. Zinki ni siku 10 kamili hata kuhara kukikoma: miligramu 20 kwa siku kwa mwenye miezi 6 na zaidi, 10 kwa aliye chini yake. Kuhara kwenye damu ni safari ya kituoni.

Mtoto anayevuta sikio huenda anasikia maumivu ya taya yakipanda huko. Lakini akivuta sikio na ana homa, au usaha unatoka, sikio lenyewe ndilo linaloumwa.

Kuna dalili zinazokufanya uite boda boda papo hapo: hawezi kunyonya wala kunywa, anatapika kila kitu, ameshikwa na degedege, amelegea au haamki vizuri, utosi umebonyea, macho yameingia ndani. Kupumua pia. Mtazame kifua akiwa ametulia na hesabu dakika moja nzima kwa simu: pumzi 50 au zaidi kwa aliye na miezi 2 hadi 11, au 40 na zaidi kwa aliyetimiza mwaka, ni dalili ya nimonia.

Hatua ya 4: Mtulize

Cha kwanza ni kidole chako. Nawa, kisha kandamiza ufizi taratibu kwa mzunguko, dakika moja au mbili. Mtoto atakung'ata, mwache ang'ate. Mgandamizo ndio unaompa nafuu, na ndiyo sababu anatafuta vitu vya kutafuna.

Cha pili ni ubaridi. Najua nyumba nyingi hazina friji, wala haihitajiki. Mtungi wa udongo unatosha. Chukua vitambaa vitatu vidogo vya pamba, vichemshe dakika 10, vikamue kwa mikono safi, vitie ndani ya chombo safi chenye kifuniko. Simamisha chombo hicho kwenye beseni la maji uliyochota mtungini, mahali pa kivuli penye upepo. Mtoto akianza kulalamika, kunja kimoja kiwe kama kidole kinene, mshikie atafune. Kikianguka chini, kimeisha kazi hadi kichemshwe tena. Kijiko cha chuma kilichopozwa namna hiyohiyo nacho kinafaa, ukikishika wewe. Mwenye friji aweke kitambaa au pete ya kutafuna sehemu ya chini, siyo kwenye barafu; kitu kilichoganda huumiza ufizi.

Pete ya kutafuna iwe ya mpira mgumu usio na maji ndani, kubwa kiasi cha kutoingia yote kinywani. Usiifunge shingoni kwa kamba. Shanga za kuota meno pia niziondoe hapa: zikikatika zinampalia, zisipokatika zinaweza kumnyonga usingizini.

Funguo, sarafu, simu, kifuniko cha chupa na kaveera, yaani mfuko wa plastiki, vikae mbali. Mumbwa, vile vijiti vya udongo na dawa za miti, wengine huwapa watoto wagugune. Ni udongo, na hakuna anayejua ulichimbwa wapi. Kwa mtoto wa miezi 6 mimi nakataa.

Aliyeanza kula, yaani miezi 6 na zaidi, atafurahia bogoya, ile ndizi tamu ya kuiva, iliyopondwa ikapoa, parachichi, au matooke laini yaliyopoa. Uji usiwe wa moto. Usimpe karoti mbichi, kipande cha muwa, karanga wala mahindi ya kuchoma, kwa kuwa meno mawili ya mbele yanajua kukata kipande lakini hayajui kukisaga. Asali hapana kabisa kabla ya mwaka mmoja, hata tone la kupaka ufizini, kwa sababu inaweza kubeba mbegu za bakteria ambazo tumbo la mtoto halijaziweza, nazo hutoa sumu humo ndani. Sukari nayo hapana.

Ziwa linabaki kuwa dawa kubwa. Siku za meno mtoto hunyonya kidogokidogo na mara nyingi, mpe. Akikung'ata, mara nyingi ni mwisho wa kunyonya, ameshiba na anachezea. Usimvute, ingiza kidole pembeni ya mdomo wake uachanishe, mwambie "hapana" kwa sauti tulivu, ngoja kidogo. Mpe kitambaa baridi kabla ya ziwa. Hii si sababu ya kumwachisha. Mama anayeishi na VVU aendelee na dawa zake na aongee na muuguzi mapema mtoto akipata vidonda kinywani au chuchu ikipasuka.

Mate yakiunguza kidevu na shingo, kausha kwa kugusagusa bila kusugua, kisha paka vaselini nyembamba, hasa kabla ya kulala. Badilisha kitambaa cha kifuani kikilowa.

Na mbebe. Funga kitenge, mweke mgongoni au kifuani, tembea naye uani. Baba pia abebe. Saa tisa usiku mama aliyelala ni msaada kwa mtoto.

Hatua ya 5: Dawa, na zile za kuacha dukani

Ikiwa umeyafanya hayo na bado analia hawezi kulala, parasetamoli ya maji inaruhusiwa kwa aliyetimiza miezi 3. Kipimo ni uzito: miligramu 10 hadi 15 kwa kila kilo. Dawa nyingi za watoto zina miligramu 120 katika mililita 5, lakini soma chupa, kwa kuwa zile za matone huwa kali zaidi. Kwa chupa ya 120, mtoto wa kilo 8 hazidishi mililita 5 kwa mara moja. Pita saa 4 hadi 6 kati ya dozi, na zisizidi 4 kwa siku. Pima kwa bomba lisilo na sindano, siyo kijiko cha chai cha jikoni, na usivunje kidonge cha mtu mzima kwa kukisia. Ukijikuta unampa siku ya tatu mfululizo, hayo siyo meno tena. Na kama ana homa, apimwe. Usiishushe homa ukaenda kulala.

Usimpe asipirini. Usipake ufizini dawa za kutia ganzi zenye benzokaini au lidokaini: benzokaini inaweza kuizuia damu kubeba oksijeni, na mwaka 2018 mamlaka ya dawa ya Marekani ilionya isitumiwe kabisa kwa walio chini ya miaka 2. Lidokaini ikimezwa inaweza kuleta degedege. Usinunue dawa ya "kuotesha meno" isiyojulikana imetengenezwa wapi. Nigeria, kuanzia 2008, watoto zaidi ya 80 walikufa kwa dawa ya maji ya meno iliyochanganyika na kemikali ya viwandani iliyoharibu figo zao. Mama zao walikuwa wanataka walale tu.

Hatua ya 6: Kataa ebiino

Hapa naomba unisikilize kwa moyo wote. Mtoto akihara au akipata homa isiyoisha, mtu atakuja kusema ana ebiino, meno ya uongo. Tanzania wanayaita meno ya plastiki. Atataka apelekwe kwa mzee fulani wa kuyatoa. Mzee atachimba ufizi kwa spoki ya baiskeli, kisu au ukucha, atoe kitu cheupe laini, akuonyeshe: "Tazama mnyoo uliokuwa unamla mwanao."

Ule si mnyoo. Ni chonge ya mtoto, changa, haijakomaa. Nimekuambia chonge hutoka baada ya miezi 16. Kwa mtoto wa miezi 5 bado imo ndani, laini, na ufizi juu yake umetuna na kuwa mweupeweupe. Kila mtoto duniani anayo. Mtu akichimba hapo lazima atapata kitu cheupe, na ndiyo maana anaonekana daima amesema kweli.

Nikiulizwa kwa nini wengine hupona baadaye, najibu kwamba kuhara kwingi huisha kwenyewe baada ya siku kadhaa. Wasiopona hatusikii habari zao kwa mzee, tunazisikia hospitalini. Damu nyingi, usaha wa taya, pepopunda, maambukizi ya damu, VVU kwa chombo kilichotumika kwa wengine. Katika miaka ya 1990 Hospitali ya Lacor huko Gulu ililaza mamia ya watoto kwa madhara ya desturi za namna hii. Na ugonjwa wa kwanza uliomleta mtoto kwa mzee bado haujatibiwa.

Mdogo wangu wa tumbo moja alitolewa ebiino kabla sijajua kusoma. Yuko hai, namshukuru Mungu. Lakini chonge zake za chini za ukubwani zilitoka zimeharibika, na hadi leo akicheka hufunika mdomo kwa kiganja.

Anayekusukuma kwenda kwa mzee mara nyingi ni mama mkwe au shangazi, naye anampenda mtoto kama wewe. Usimwite mjinga. Mimi huwafundisha mama kusema hivi: "Mama, wewe umelea wengi na mimi nimeleta huyu mmoja. Kabla hatujafika kwa mzee, twende wote kituoni, apimwe damu, nawe usikie kwa masikio yako." Akikubali kwenda, kazi kubwa imekwisha, kwa sababu jibu la kipimo atalirudisha nyumbani yeye mwenyewe, na nyumba itamsikiliza yeye kuliko wewe. Hata Ulaya walipitia huko: karne ya 16 Ambroise Paré, daktari mpasuaji wa wafalme wa Ufaransa, alipendekeza kuchanja fizi za watoto, na ilichukua mamia ya miaka hadi kuachwa.

Kama ufizi umeshachimbwa, usijifiche kwa aibu. Usipake majivu wala majani. Kandamiza kwa kitambaa safi, endelea kunyonyesha, nenda hospitali leo na useme ukweli wote, pamoja na kadi ya chanjo, ili wajue kuhusu pepopunda na waangalie VVU.

Hatua ya 7: Jino limetoka

Lisafishe siku hiyohiyo. Asubuhi na kabla ya kulala, kwa mswaki mdogo laini wa mtoto na dawa ya meno yenye floridi, kiasi cha punje moja ya mchele, si zaidi. Mswaki ukikosekana, kitambaa safi kilichozungushwa kidoleni. Asilale na chupa ya maziwa au chai ya sukari mdomoni. Meno ya mbele ya juu ndiyo huoza kwanza. Usimpozee uji kwa kuonja kijiko kisha kumpa, kwa kuwa vijidudu vya kuoza meno hupita hivyo.

Akitimiza mwaka mmoja, mwombe mhudumu wa meno amtazame mara moja, hata kama huoni shida. Na ile tarehe ya jino la kwanza iandike nyuma ya kadi ya kliniki, pamoja na joto ulilopima siku hiyo. Yule mama wa nyanya sasa anaandika. Mwanawe alipoanza magego alinipigia simu kutoka sokoni: "Dada, analia, lakini kipimajoto kinasema 36.9." Nikamwambia apoze kitambaa.